Kisanduku Kilichomaliza Kabla ya Kuanza

Jumatatu, tarehe 16 Juni 2025

Assalaam alaikum, Sharifu ndugu yangu. Hujambo? Goti linaendeleaje? Na Kilwa imekuzoea, au bado unawakosoa watu wanavyopika wali? Sisi huku Kibiti wazima, alhamdulillah. Waride ana mafua na mie nina wasiwasi.

Uliniambia siku unaondoka nikuandikie siku kwa siku, kama shajara, si zile salamu za simu za "tupo tupo". Haya. Nimenunua daftari. Kurasa zikiwa za kutosha nitazichana nimpe kondakta wa basi, zivuke daraja la Ndundu zikufikie. Soma peke yako. Mengine ni ya aibu.

Sasa huo wasiwasi. Chama chetu cha ushirika kina kompyuta mbili za kuweka mizani ya ufuta: nani kaleta, kilo ngapi, saa ngapi. Moja ni laptopu, mlezi wake Sufiani, shemeji yangu, kaka yake Waride. Ya pili ni kisanduku cheusi kisicho na kioo, saizi ya nusu tofali, mlezi wake mie. Bi Ashura mwenyekiti kasema mbili ni fujo, itabaki moja. Mlezi wa itakayobaki ndiye karani wa Kibiti, mwenye meza na feni. Mwenzake anakwenda kusimamia mizani ghala la Dimani.

Sina ugomvi na Dimani. Lakini msikiti wetu unatazamana na ofisi, na adhana ya Adhuhuri na ya Alasiri ni yangu tangu marehemu Mzee Kondo aniachie. Nikihamia Dimani, anayefuata kwa zamu ni Sufiani. Unaijua sauti yake. Mashine ya kukoboa ina huruma zaidi. Astaghfirullah. Nimeshaandika, sifuti.

Kesho anakuja mtaalamu kutoka Dar kuzishindanisha.

Alasiri, kituko. Bibi Sijaona wa Dimani kaja na ufuta wake, kapimiwa, kapewa stakabadhi. Wiki hii zamu ya kutoa stakabadhi ni ya kisanduku changu. Bibi kaishika mbali na macho, kaisoma, karudi dirishani. Imeandikwa 15:20. Akauliza ndiyo saa ngapi hiyo. Nikamwambia saa tisa na dakika ishirini, bibi. Akasema:

"Mwanangu, mchana una saa kumi na mbili. Hizi tatu umeziongeza za nani?"

Foleni nzima ikacheka. Sufiani alicheka zaidi ya foleni. Bi Ashura katoa kichwa mlangoni, kasema kila siku ni ugomvi huu huu, wazee hawaziamini stakabadhi zetu, na atakayeumaliza atamkumbuka.

Atamkumbuka! Nimelisikia kwa masikio yangu yote mawili.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Nimepata. Ni Mungu tu.

Nimetoka Alfajiri nimekwenda moja kwa moja ofisini kabla ya watu. Kisanduku huamrishwa kwa simu yangu. Nikafungua ukurasa wa saa. Kumbe hakiulizi saa ngapi, kinauliza uko mji gani, kisha chenyewe kinajua. Kilikuwa kwenye Dar es Salaam. Nikaanza kujaribu miji mmoja mmoja, nikitafuta mji ambao saa yake inasema vile tunavyosema sisi. Nimepita Uarabuni. Nimepita Uchina. Nimepita miji ambayo sidhani hata Mungu kaipangia watu. Ndipo nikaupata. Unaitwa Buenos Aires, uko Ajentina. Kwetu saa moja asubuhi, simu inaandika 07:00. Buenos Aires inaandika 01:00. Saa moja kamili!

Sharifu, kuna watu huko mwisho wa dunia wanaohesabu saa ya Kiswahili. Sikuwahi kuambiwa. Labda ni wajukuu wa mabaharia wetu. Nimewaombea dua.

Nikabonyeza. Basi kisanduku kikahamia kwa ndugu zetu.

Mtaalamu kafika. Ni binti, jina lake Hafsa, kavaa mtandio wa kijani na viatu vya kukimbilia. Ana heshima, ananiita mzee, lakini akiwa kazini hajibu salamu mpaka amalize mstari. Katueleza shindano. Programu yake itamimina mizani laki moja za uongo, wakulima wa kubuni, kilo za kubuni, kwenye laptopu kisha kwenye kisanduku. Kila kompyuta ina hifadhidata, yaani ghala la maandishi humo ndani. Anataka kuona ghala lipi linapakua haraka. Kompyuta yake Hafsa inagonga muhuri wa saa mzigo unapoanza kumiminwa. Kompyuta inayopokea inagonga wa kwake mzigo unapoisha. Unatoa wa kwanza kwenye wa pili, unapata muda. Ndogo ndiyo bora.

Laptopu ya Sufiani: dakika nne. Sufiani akajikuna kidevu kama mtu anayechagua rangi ya pazia la ofisi.

Kisanduku changu. Kikalia, taa ikapepesa. Hafsa akatazama kioo. Akakisogelea. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Nikauliza kimetumia muda gani. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kimetumia upungufu wa karibu saa sita.

Nikamwomba afafanue. Akasema kwa mujibu wa mihuri, kisanduku kimemaliza kazi saa sita kabla ya kupewa.

Nilisujudu pale pale kwenye sakafu. Nani kama mie? Waulize Dar, waulize Ulaya, kompyuta gani iliwahi kumaliza kabla ya kuanza? Nikaagiza kahawa na kashata za ofisi nzima. Nurdini mlinzi, ambaye huwa hali kitu akiwa zamu, nilimlazimisha kipande.

Na stakabadhi za leo ni tamu kuzitazama. Mtu kaja saa tatu asubuhi, imeandikwa 03:00. Mzee mmoja kaisoma, katikisa kichwa kwa kuridhika, kaondoka zake. Bi Ashura hakuwepo kuona, yuko mnadani. Atasikia.

Nikamwambia Waride kila kitu, kasoro Buenos Aires. Akapenga kamasi, akasema, "Baba Mwamini, kitu kinachomaliza kabla ya kuanza, mie kwa jikoni kwangu nakiita kibichi."

Mafua yanamharibia furaha.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Hafsa hakubali ushindi. Ati hakuna kitu duniani kinachomaliza kabla ya kuanza. Nikamkumbusha uwezo wa Mungu hauna mpaka. Akasema ni kweli, mzee, lakini uwezo wa kisanduku una mpaka.

Akauliza kama kuna mtu kagusa saa. Nikamjibu kwamba mie kisanduku kile nakigusa kwa kitambaa tu. Na ni kweli! Jana nilikuwa na kitambaa mkono wa kushoto. Simu ilikuwa wa kulia.

Akaniamini, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema basi kosa litakuwa kwenye programu yake mwenyewe. Laptopu na kisanduku ni makabila mawili, kila kompyuta ina namna yake ya kuandika saa. Nyingine huandika saa ya hapa tulipo, nyingine huhesabu sekunde tangu mwaka fulani wa zamani, halafu unazijumlisha wewe upate saa. Naye katika kuzipatanisha kaandika saa bila kuandika ni saa ya wapi. Ni sawa na kusema "tukutane saa nne" kwa mtu usiyejua yuko nchi gani. Akakaa na programu yake kutwa. Chai yake ikaota ngozi. Nikamletea nyingine. Ikaota ngozi pia. Mie na dhambi yangu tukakaa kwenye benchi tunamtazama.

Atarudia shindano Ijumaa asubuhi. Jumamosi Bi Ashura anatangaza.

Ila katika yale maelezo nimeokota jambo. Saa ya anayepokea ikiwa nyuma, anashinda. Ikiwa mbele je? Anashindwa! Anaonekana kamaliza jioni kazi ya asubuhi. Sijasema kitu. Nimewaza tu. Kuwaza hakuandikwi.

Sufiani kanikuta nje ananiita shemeji kwa sauti ya kuomba chumvi. Anataka kujua siri ya kisanduku. Nikamwambia ni baraka. Akaniuliza hizo baraka zinabonyezwa wapi. Nikamwambia ajitahidi kwenye swala za usiku. Akaondoka akinitazama kwa pembe ya jicho.

Nimeswali istikhara, kumwomba Mungu aniongoze: je, niisogeze saa ya laptopu yake mbele, ama niiache? Kisha nikalala fofofo, sikuota chochote. Nimeuchukua usingizi kuwa ndiyo.

Alhamisi, tarehe 19 Juni

Kazi imefanyika.

Ugumu ulikuwa huu: Sufiani habanduki kwenye laptopu yake ila wakati wa swala. Na wakati wa swala mie ndiye ninayeita swala. Nimefikiri sana. Kati ya adhana na iqama, ule wito wa kusimama safu, kuna nafasi, watu wanatawadha, wanatafuta kofia, wanaulizana habari za mnada. Nafasi ndogo, lakini mtu mwepesi anatosha kupita. Mie si mwepesi, lakini nina nia.

Nikatoa adhana. Niliinyoosha vizuri, Sharifu, sikuiharakisha, hilo naapa. Nikamwona Sufiani anakwenda bombani kutawadha. Nikatoka mlango wa nyuma, nikavuka barabara mbele ya bajaji, dereva kanitukana na kilemba changu. Nikaingia ofisini. Laptopu iko wazi. Sikuangalia inasema saa ngapi, ningepata wapi muda? Nikaisukuma mbele saa sita, tap tap tap, nikafunga, nikarudi mbio. Nimekuta safu imeshasimama, imamu ananigeukia nitoe iqama.

Pumzi sina. Jasho linanitiririka mpaka kwenye ndevu. Baada ya swala imamu kawaambia watu watazame mfano wangu, mtu anayetawadha akajimwagia maji barabara, si nyinyi mnaolowesha ncha za vidole.

Nilitazama mkeka.

Mlangoni Nurdini akaniuliza kwa wema kama nilisahau kitu ofisini, kaniona nakimbia. Nikasema nilikwenda kuhakikisha feni imezimwa. Akasema ahsante mzee, angeizima yeye. Nurdini analinda mlango ule mwaka wa tatu sasa. Huwa anatuona tunabonyeza, tunabishana, tunavuta nyaya, na yeye hajawahi kuuliza hata kitufe kimoja kinafanya nini. Namhurumia. Mtu asiye na hamu ya kujua atafika wapi?

Ijumaa, tarehe 20 Juni

Nimeshinda. Lakini si kwa namna niliyopanga mie.

Hafsa kafika na programu mpya. Ati sasa hategemei muhuri wa mtu. Mwanzo na mwisho vyote vinahesabiwa na kompyuta yake, kwa saa ya ndani ambayo haijui mchana wala usiku, haijui Dar wala Ulaya, haiwezi kurudishwa nyuma wala kusukumwa. Inahesabu mbele tu, kama mtu anayevuta tasbihi.

Mbio zote zile, bajaji, jasho, bure!

Akamimina. Laptopu dakika nne. Kisanduku dakika tatu na kidogo.

Sharifu! Kisanduku changu kilikuwa kinashinda tangu mwanzo. Kwa miguu yake. Bila Buenos Aires, bila istikhara. Nilitaka kulia na kucheka, nikaishia kukohoa.

Kisha Hafsa akasema akague na saa za kompyuta zote mbili kwa utaratibu tu. Akaanza na laptopu ya Sufiani. Mie macho yangu kwenye dari. Akatazama saa yake ya mkononi, akatazama laptopu, akasema iko sawasawa mpaka dakika, hongera kaka Sufiani.

Sawasawa? Niliisukuma saa sita kwa kidole changu mwenyewe! Nikamtazama Sufiani. Naye kapigwa butwaa kuliko mie. Mdomo uko wazi kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe aliyemchinja. Kisha akaufunga, akasema ahsante, mie huwa naijali sana saa.

Hafsa alipogeukia kisanduku changu, umeme ukakatika. TANESCO wana thawabu zao na mie leo nimewaombea. Hafsa kasema basi, atakagua kesho. Baada ya swala ya Ijumaa umeme umerudi, nami nikakihamisha kisanduku kutoka Ajentina, nikakirudisha Dar es Salaam. Sasa kiko safi. Mikono yangu safi. Hakuna anayejua ila mimi, wewe na Mola.

Waride kapika wali wa nazi na perege wa kukaanga. Nimekula kama karani.

Jumamosi, tarehe 21 Juni

Nimeandika na kufuta mara kadhaa. Nitaandika tu.

Tumekusanyika ofisini kusikia tangazo. Bi Ashura kaingia na bunda la stakabadhi, uso wake haukuwa wa tangazo. Kabla ya yote akamwita Nurdini asimame mbele.

Akaziweka mezani moja moja. Za Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Akasoma saa: 02:10. 03:00. 03:25. 04:15. Akasema yeye anajua kusoma saa za simu, hizi ni saa nane usiku, saa tisa usiku, saa kumi alfajiri. Ghala linafungwa jioni. Mwenye ufunguo usiku ni mmoja. Akamuuliza Nurdini nani anamletea ufuta usiku wa manane, na tangu lini chama kimegeuka mlango wa kangomba.

Kangomba, Sharifu! Ile biashara ya kununua mazao kwa mlango wa nyuma. Mtu akishikwa na neno hilo hapa kwetu, haajiriwi hata kulinda kuku.

Nurdini hakupandisha sauti. Alisema hajampokea mtu usiku, walahi. Bi Ashura akasema karatasi haisemi hivyo. Nurdini akatazama zile stakabadhi, akatutazama sisi, akasema tena hajampokea mtu. Ana maneno machache hata ya kujitetea. Mkewe mjamzito, yuko miezi yake ya mwisho.

Nami nimekaa karibu na meza yangu. Karibu na feni yangu. Kisanduku kiko Dar es Salaam. Hafsa angekagua na asingeona kitu. Ningenyamaza, kufika Adhuhuri ningekuwa karani, na ningevuka barabara nikatoe adhana yangu.

Hapo ndipo nilipokwama. Adhana. Nitasimama pale niseme nini, na nimsikie nani akiitikia?

Nikasimama. Nikasema:

"Mwenyekiti, Nurdini hakupokea kitu usiku. Saa ile ni yangu. Niliitoa Ajentina."

Ikabidi nieleze. Miji, kitambaa, Bibi Sijaona, watu wa mwisho wa dunia wanaohesabu kama sisi. Hafsa akashika kipaji cha uso. Nikamwona anahesabu vidole, saa sita nyuma, saa sita mbele, kisha akasema ndiyo, mwenyekiti, kila stakabadhi ongeza sita, watu hawa walikuja asubuhi mchana kweupe. Nurdini akatoa pumzi niliyoisikia nilipokuwa.

Sasa utamu wa kusema kweli ukanipanda kichwani. Ungesikia ulivyo mwepesi! Nikaona nimalize kila kitu. Nikasema na saa ya Sufiani nayo, Alhamisi, niliisogeza mbele saa sita.

Hafsa akasema haiwezekani, saa ya Sufiani ilikuwa sawasawa.

Wote tukamgeukia Sufiani. Sufiani akakohoa. Akaangalia feni. Akasema huenda, labda, asubuhi ya Alhamisi, alikuwa ameirudisha nyuma kidogo. Kidogo kiasi gani? Saa sita. Alishamaizi kwamba baraka za shemeji zinakaa kwenye saa.

Yaani mie nimevuka barabara mbele ya bajaji, jasho mpaka ndevuni, kwenda kumrekebishia Sufiani saa yake!

Hafsa alicheka mpaka akatoka nje. Alirudi, akatoka tena.

Bi Ashura hakucheka. Akasema kisanduku kimeshinda na kitabaki. Kisha akasema polepole, kama anapima kilo:

"Ninachotafuta ni mtu mmoja tu ndani ya nyumba hii ambaye akiona kitu, hakigusi."

Akatutazama wote. Hakuwa na pa kutazama sana. Karani wa Kibiti ni Nurdini. Hafsa atamfundisha wiki hii. Mie na Sufiani wote tunakwenda Dimani, mizani moja, benchi moja. Nikauliza kwa adabu kuhusu adhana. Mzee wa msikiti aliyekuwepo akasema naye Nurdini si yuko jirani.

Adhuhuri tumemsikia. Hujawahi kumsikia, hata mie sikuwahi. Sauti kama maji ya mtungini. Waride kaacha kupenga kamasi, kakaa kitako uani anasikiliza mpaka mwisho. Kisha kaniambia, "Pole, Baba Mwamini." Nilijibu nimeshapoa. Sikuwa nimepoa.

Lakini Nurdini alinifuata baada ya swala, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mkono wangu umekaa na joto lake mpaka nilipofika nyumbani.

Alhamisi, tarehe 26 Juni

Niko Dimani, Sharifu. Hujambo tena? Kurasa hizi nitazimaliza leo, kondakta anapita kesho asubuhi.

Hapa si pabaya. Vumbi la ufuta lipo, nafunga barakoa. Msikiti mdogo una muadhini wake, mzee sana, Mungu ampe umri. Mie na Sufiani tumekubaliana kwamba akiumwa siku moja, zamu ya kwanza ni yangu. Sufiani anasema tulikubaliana ya kwanza ni yake. Tunakaa benchi moja, tunakula sahani moja, hatusemezani kabla ya chai.

Chama kimetupa kishikwambi cha kuandikia mizani. Kinapeleka kila kitu kwenye kisanduku kule Kibiti kwa Nurdini. Na Hafsa kafanya jambo ambalo, japo hajasema, ni wazo langu. Ndani kisanduku kinaweka saa moja tu ya dunia nzima, haibadiliki. Lakini kwenye karatasi kinamwandikia mkulima kwa maneno: "saa tatu asubuhi", "saa tisa alasiri". Kila mtu anasoma. Kwenye saa kaweka kufuli. Alitutazama mie na Sufiani wakati anaiweka, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Bibi Sijaona kaja na gunia lake la mwisho. Jua lilishazama, tumeshaswali Magharibi, lakini katoka mbali, tungemrudisha? Tukampimia. Akaisoma stakabadhi kwa mbali vile vile. "Saa moja usiku." Akacheka kwa furaha, akatuombea dua. Nikasema moyoni, haya ndiyo matunda.

Kisha akarudi dirishani. Akasema:

"Wanangu, Magharibi imeshaingia, siku imegeuka. Sasa hivi ni usiku wa Ijumaa. Mbona mmeniandikia Alhamisi?"

Na wanasema mwezi huenda umeandama. Mwaka mpya, Muharram! Mwaka umeingia na kishikwambi hakina habari, kinangoja katikati ya usiku kama mgeni aliyekosa gari.

Nikamtazama Sufiani. Sufiani akanitazama. Ni mara ya kwanza tumesemezana bila chai.

Hafsa kafunga saa, Sharifu. Tarehe hakuifunga. Sufiani kaiona, mie nimeibonyeza kidogo tu, kuhakikisha, na inasogea. Ukiisukuma siku moja mbele kila Magharibi, na kuirudisha Alfajiri, wazee wote wa Dimani watafurahi, Bi Ashura atatukumbuka, na Nurdini kule Kibiti hatagundua maana yeye hagusi kitu. Safari hii nina shemeji upande wangu. Safari hii hakuna mtu wa kudhurika.

Tunaanza kesho, ambayo kwa kweli ni leo.

Wasalimie watoto, na goti lako ulipake mafuta ya nyonyo. Nakuomba unijibu upesi, ndugu yangu, kwa mkono wa kondakta huyu huyu akirudi. Na juu ya barua andika umeiandika siku gani, maana huku huenda tusiwe na uhakika.